Kwaya Inaimba Nini? Lugha za Kubuni na Okestra katika Filamu za The Lord of the Rings

Kuna swali ambalo mashabiki wa muziki wa filamu hawajachoka kulijadili tangu Desemba 2001, filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings ilipoanza kuonyeshwa: kwaya inaimba nini pale? Okestra inapiga, ngoma zinanguruma, tromboni zinapanda, na juu ya hayo yote sauti za watu zinaimba maneno ambayo si Kiingereza, si Kilatini, wala si ya taifa lolote lililopo duniani. Wapo mashabiki wanaosikiliza kipande kimoja mara nyingi, wakaandika silabi moja baada ya nyingine, wakazilinganisha na maneno yaliyomo katika vitabu vya J. R. R. Tolkien, kisha wakabishana kama kiambishi fulani ni cha wingi au cha umilikaji, na kama mkazo umeangukia silabi inayostahili. Wapo pia wanaoitazama kazi hiyo kama mchezo wa watu wasio na shughuli. Mimi nimesimama hapa kuitetea. Ninadai kwamba maneno ya lugha ya kubuni, yakitungwa kwa sarufi na kukabidhiwa kwaya, yanakuwa sehemu ya muziki sawasawa na filimbi au fidla. Anayeuliza kwaya inaimba nini anauliza swali la uhakiki wa muziki, na anastahili kujibiwa kama mhakiki.

Kwanza tuone kazi yenyewe ilivyofanyika, maana dai langu linategemea utaratibu huo. Mtunzi ni Howard Shore, Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1946. Alitunga muziki wa filamu zote tatu za mwongozaji Peter Jackson, zilizotoka 2001, 2002 na 2003, akapata tuzo ya Oscar kwa ya kwanza na ya tatu. Sehemu kubwa ilipigwa na London Philharmonic Orchestra, pamoja na kwaya ya London Voices na sauti za watoto wa London Oratory School Schola. Shore alijenga muziki wake juu ya makumi ya viini vifupi vya mahadhi, kila kimoja kikiwa cha watu fulani, mahali fulani au kitu fulani, kwa njia ambayo Richard Wagner aliipa nguvu katika opera zake za pete karne ya 19. Watu wa Rohan, wafuga farasi wa nyikani, wana fidla ya Hardanger kutoka Norway, ambayo chini ya nyuzi zinazopigwa ina nyuzi nyingine zinazoitikia zenyewe. Isengard, ngome ya mchawi aliyegeuka msaliti, ina mwendo wa mapigo matano matano na vyuma vinavyogongwa, mwendo usiompa msikilizaji nafasi ya kutulia. Akiisha kuzigawa ala namna hiyo, akagawa na lugha. Philippa Boyens, mmoja wa waandishi wa miswada ya filamu hizo, aliandika matini kwa Kiingereza. Mwanaisimu wa Marekani, David Salo, akayatafsiri katika lugha za Tolkien. Mengine yalichukuliwa kitabuni kama yalivyo. Ndipo Shore akayatilia mahadhi. Waelfi walipewa Quenya na Sindarin. Khazad, wale wachimbaji na wahunzi wafupi wa chini ya milima, walipewa Khuzdul. Rohan ilipewa Kiingereza cha Kale, kwa kuwa Tolkien mwenyewe aliiwakilisha lugha yao kwa hicho. Mgawanyo wa ala na mgawanyo wa lugha ni mpango mmoja wa mtunzi mmoja, na sioni kwa nini tuuheshimu ule wa kwanza na kuudharau wa pili.

Mpango huo ulikuwa na msingi wa zamani. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na kuwa profesa Oxford kwa miaka mingi, alianza kutunga lugha kabla ya kutunga hadithi. Katika barua zake alieleza kwamba lugha ndizo zilizotangulia na hadithi zikafuata ili zipate ulimwengu wa kuzungumzwa. Mwaka 1931 alitoa mhadhara, unaojulikana leo kwa jina la A Secret Vice, akiutetea utunzi wa lugha kuwa ni sanaa kamili yenye raha yake, raha ya kuoanisha sauti na maana. Quenya aliitunga akiwa amevutiwa na Kifini, na Sindarin akiwa amevutiwa na Kiwelshi. Matokeo yake yanasikika. Quenya haikubali mrundikano wa konsonanti mwanzoni mwa neno, na maneno yake huishia kwa irabu au kwa konsonanti chache kama n, r, s, t na l, hivyo mwimbaji anapata mahali pa kuachia pumzi karibu katika kila silabi. Wanakwaya wa Afrika Mashariki wanaijua faida hiyo, kwa sababu Kiswahili nacho hufunga maneno yake kwa irabu. Tolkien alijua kwamba lugha zake zilikuwa za kuimbwa. Mwaka 1967 mtunzi Mwingereza Donald Swann alichapisha The Road Goes Ever On, mkusanyo wa mashairi ya Tolkien yaliyotiwa mahadhi, na kwa shairi la Quenya liitwalo Namárië alitumia mahadhi ambayo Tolkien mwenyewe alimwimbia, yaliyofanana na uimbaji wa Kigregori. Shore, miaka zaidi ya 30 baadaye, alikabidhiwa lugha ambazo tayari zilikuwa na sauti zake, mkazo wake na pumzi yake.

Sasa tuingie Moria, maana hapo ndipo ushahidi ulipo wazi zaidi. Wasafiri tisa wanapita katika mji uliochimbwa chini ya mlima, mji wa Khazad, nao wanaukuta umejaa maiti. Muziki wa sehemu hiyo una wanaume wenye sauti nzito za chini, waimbaji wenye asili ya Polynesia waliokusanywa New Zealand, wakiimba pamoja na New Zealand Symphony Orchestra. Wanaimba kwa Khuzdul. Tolkien aliijenga lugha hiyo kwa kufuata lugha za Kisemiti: mzizi wa konsonanti tatu, na irabu zinazobadilika katikati ili kuzalisha maneno. Sisi tunaokijua Kiswahili tunayo mabaki ya mfumo wa aina hiyo midomoni mwetu kila tunapotaja kitabu, katibu na maktaba. Angalia sasa mfumo huo unavyofanya kazi katika koo la mwimbaji. Konsonanti nzito za nyuma ya ulimi na silabi zinazofungwa kwa kishindo zinamlazimisha akate sauti, apumue kwa nguvu, aanze upya. Kwaya hiyo haiwezi kuteleza kama inavyoteleza ile ya Waelfi, hata ikitaka. Ugumu wa muziki wa Moria umetoka kwenye ala, ndiyo, lakini umetoka pia kwenye sarufi, na kama maneno yale yangebadilishwa kuwa ya Quenya, noti zikabaki zile zile, kipande kingekuwa kingine.

Tena kuna jambo ambalo masikio peke yake hayatupi, na ambalo mashabiki ndio waliolishikilia. Katika hadithi za Tolkien, Khazad huificha lugha yao. Hawaifundishi kwa wageni, na maneno yake machache tu yamo vitabuni: ukelele wa vita, maandishi ya kaburini, majina ya mahali. Katika Moria ya filamu, kati ya wasafiri tisa ni Gimli peke yake, Khazad wa kundi hilo, anayeweza kudai lugha hiyo ni ya mama zake. Wenyeji wote waliokuwa wakiizungumza wamelala chini, mishale imewaotea mifupani. Kwaya inayoimba Khuzdul katika kumbi hizo inaimba lugha ya waliokufa ndani ya nyumba yao. Na anapotokea Balrog, lile pepo la moto na kivuli ambalo uchimbaji wao uliliamsha, kwaya haihamii lugha nyingine. Inaendelea kwa Khuzdul. Balrog si Khazad, wala kwaya haiimbi kwa niaba yake. Kwa hiyo tunachokisikia ni hofu ya wale waliomwona kwanza, ikisimuliwa kwa ulimi wao baada ya wao kuondoka. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu hayo atatetemeka vilevile, nakubali. Lakini anayejua atajua anatetemekea nini, na huo ni uelewa wa muziki, kwa kuwa hauonyeshwi na picha wala hausemwi na mhusika yeyote.

Mfano wa pili ni wa Nazgûl, wale wapanda farasi weusi wanaoiwinda pete. Mtu angetarajia waimbiwe kwa lugha ya Mordor, lugha ya bwana wao, ambayo Tolkien aliitunga makusudi iwe kali na chafu masikioni. Haikuwa hivyo. Sauti zile kali zinazowafuata zinaimba kwa Adûnaic, lugha ya watu wa Númenor, kisiwa ambacho katika hadithi kilizama baharini kwa sababu ya kiburi cha wafalme wake. Filamu inatuambia kwamba Nazgûl walikuwa binadamu zamani, wafalme wakubwa, lakini haituambii walitoka wapi. Lugha ya kwaya inaongeza lile ambalo Tolkien aliliandika mahali pengine, kwamba baadhi yao walikuwa mabwana wakubwa wa Númenor. Na nani mwingine katika filamu ametoka katika ukoo wa kisiwa hicho? Aragorn, mrithi wa kiti cha enzi, yule yule anayekimbizana nao usiku na mwenge mkononi. Viumbe wanaomwinda wanaimbiwa kwa lugha ya mababu zake. Kisha, mwishoni mwa filamu ya tatu, akivikwa taji, Aragorn anaimba kwa Quenya maneno ya Elendil, babu yake aliyeokoka gharika ya kisiwa kile, kwa mahadhi aliyoyatunga mwigizaji mwenyewe, Viggo Mortensen. Kisiwa kimoja, watu wa nasaba moja, lugha mbili: moja imebaki kwa walioiuza nafsi, nyingine imebaki kwa aliyerudi kutawala. Sijui jina jingine la kuuita mpangilio huo isipokuwa utunzi, na nasema bila kusita kwamba ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa katika muziki wa sinema. Tumeupata kwa kuuliza swali ambalo wengine wanaliona la kipuuzi.

Mfano wa tatu ni mfupi lakini una uzito wake. Wasafiri wanafika Lothlórien wakiwa wamempoteza mchawi wao, Gandalf, na Waelfi wanaanza kumwimbia maombolezo mitini. Legolas, Mwelfi aliye kati yao, anawaambia wenzake kwamba ni maombolezo ya Gandalf, ila anakataa kuwafasiria. Majonzi, anasema, bado yako karibu mno. Wahusika wenyewe, ndani ya hadithi, wanasikiliza wimbo wasiouelewa na kujua kwamba una maana waliyonyimwa. Mtazamaji ameketi pamoja nao. Aliyeimba sehemu hiyo ni Elizabeth Fraser, Mskoti wa kundi la Cocteau Twins, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa kuimba maneno ambayo wasikilizaji wake walishindwa kuyatambua. Safari hii alipewa maneno yenye sarufi na tafsiri, na fumbo halikupungua.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza, nalo ni zito. Mtu atasema: kama mtazamaji haelewi, basi silabi yoyote ingetosha. Ushahidi anao. John Williams, katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, alitunga Duel of the Fates, kipande chenye kwaya kubwa na London Symphony Orchestra; maneno yake yametokana na shairi la kale la Kiwelshi, yakapitishwa katika Kisanskriti, na mtunzi akazipanga silabi kwa kufuata mlio wake. Lisa Gerrard, katika filamu ya Gladiator ya mwaka 2000, aliimba silabi zake mwenyewe ambazo si za lugha yoyote, na watu wakalia machozi. Sitazibeza kazi hizo. Ni kazi kubwa. Ninachosema ni kwamba zinafanya jambo tofauti. Kwaya ya Williams inatuambia kwamba linalotokea ni kubwa na la kutisha. Sauti ya Gerrard inatuambia kwamba kuna huzuni iliyopita upeo wa maneno. Hakuna hata moja inayoweza kutuambia ni nani anayeimba, wa ukoo gani, na kwa nini yeye wala si mwingine. Filamu yenye ulimwengu mmoja wa huzuni na mmoja wa vitisho inatosheka na silabi. Filamu yenye jamii sita, kila moja na kumbukumbu yake, haitosheki. Na hata katika upande wa mlio, mtu anayejitungia silabi hurudi kwenye zile anazozipenda na zinazomrahisishia. Lugha yenye kanuni humletea mtunzi maneno ambayo asingeyachagua, hapa silabi ndefu mahali asipoitaka, pale konsonanti inayokatiza mahadhi, na muziki hupata sura mpya kwa kulazimika kuyakubali.

Ipo tofauti hapa ambayo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaifahamu bila kufundishwa: tofauti kati ya wimbo usio na maana na wimbo wenye maana ambayo msikilizaji huyu hana. Katika maulidi, kasida za Kiarabu huimbwa na watu ambao wengi wao hawakisemi Kiarabu. Makanisani misa za Kilatini zimeimbwa na wanakwaya ambao hawajawahi kusoma sarufi yake. Hawa hawaimbi silabi tupu. Wanajua kwamba maana ipo, kwamba shehe au padri anayo, na kwamba wakiuliza wataambiwa. Ujuzi huo hubadilisha namna ya kuimba na namna ya kusikiliza. Mashabiki wa Shore wameufanya muziki wa filamu uwe na hali hiyo hiyo: wamekuwa wao wenyewe wenye kuhifadhi maana, na msikilizaji mgeni akiuliza, yupo wa kumjibu.

Lakini historia hiyo hiyo inaweza kutumiwa dhidi yangu, na heri niitaje kabla ya mtu mwingine. Taarab ya Unguja ilianza kwa kuimbwa Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliimba kwa lugha hiyo katika miaka yake ya awali. Akaja Siti binti Saad, akaimba kwa Kiswahili, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikawafikia watu ambao taarab hiyo ya Kiarabu haikuwafikia kamwe. Je, si dhahiri kwamba watu wanataka maneno wanayoyaelewa? Ni dhahiri, pale wimbo unapomzungumzisha msikilizaji moja kwa moja kuhusu mapenzi yake, jirani zake na watawala wake. Siti alikuwa na la kuwaambia watu wake, na kuwaambia kwa lugha ya wengine kungekuwa kuwanyima. Kwaya ya Moria haina la kumwambia mtazamaji. Yeye hapo ni mgeni anayepita katika nyumba ya watu, na filamu inataka ajione mgeni. Kumwimbia kwa Kiingereza kungemfanya mwenyeji mahali ambapo hakualikwa. Ndiyo maana Shore huitumia lugha inayoeleweka pale hadithi inapomgeukia mtazamaji: filamu ya tatu inaisha kwa Into the West, wimbo wa Kiingereza ulioimbwa na Annie Lennox, maneno yake yakimwendea kila aliyefiwa. Mtunzi alijua lini afungue mlango na lini aufunge.

Pingamizi la pili linatoka kwa wataalamu wa lugha za Tolkien wenyewe. Jamii ya wachambuzi wa lugha hizi ilikuwapo muda mrefu kabla ya filamu. Jarida lao mojawapo, Vinyar Tengwar, lilianza mwaka 1988. Carl Hostetter, mmoja wa wachambuzi hao, amekosoa vikali Quenya na Sindarin zinazotungwa na watu wa leo, akisema kwamba Tolkien hakuacha lugha zilizokamilika, kwamba alizibadilisha maisha yake yote, na kwamba watungaji wa sasa huziba mapengo kwa kukisia, mara nyingi wakiifuata sentensi ya Kiingereza iliyo vichwani mwao. Tafsiri za Salo ziliangukia humo humo. Khuzdul aliyoiandika kwa ajili ya Moria imetokana na maneno machache mno ya Tolkien. Yaliyobaki ni ya Salo. Nalipokea pingamizi hilo lote. Kwaya ya filamu si hati ya kumthibitisha Tolkien, na shabiki anayeitumia hivyo anapotoka. Hata hivyo, tazama pingamizi hilo limejengwa juu ya nini. Ili useme kwamba sentensi ya kwaya ina kosa, lazima kuwe na kanuni ambayo sentensi hiyo imeivunja. Silabi za Gerrard haziwezi kukosewa. Muziki wa Jerry Goldsmith katika The Omen, filamu ya mwaka 1976, unaimbwa kwa Kilatini chenye makosa ya sarufi, ukapata Oscar pamoja na makosa yake, na anayejua Kilatini anayaona hadi leo kwa sababu Kilatini kina sheria. Mabishano kuhusu Sindarin ya Salo, kama umbo fulani linakubalika au la, kama neno fulani lina ushahidi katika maandishi ya Tolkien, yanathibitisha kwamba kilichoimbwa ni lugha. Hostetter na mashabiki anaowakosoa wanasimama upande mmoja wa swali langu, hata kama wao kwa wao hawapatani.

Pingamizi la tatu nitalipitia haraka. Inasemwa kwamba Shore alizikatakata tafsiri zile, akachukua nusu ya mstari hapa na neno moja pale, akarudia alipohitaji kurudia, na kwamba juu ya hayo okestra na vishindo vya mapanga huzifunika sauti hadi silabi hazisikiki. Ni kweli. Kila mtunzi wa kwaya hufanya hivyo. Misa ngapi zimerudia neno moja la sala kwa kurasa nzima, na hakuna aliyesema kwamba sala imefutwa. Katika rekodi kamili za muziki huu, zilizotolewa kati ya 2005 na 2007, kwaya inasikika bila vishindo vya filamu, na kitabu cha Doug Adams cha mwaka 2010, The Music of the Lord of the Rings Films, kiliyachapisha maneno na kueleza yanatumika wapi. Anayetaka kusikia atasikia.

Lawama moja nitawapa mashabiki, kwa kuwa nawajali. Wako wanaodhani kwamba wakishapata matini na tafsiri yake kazi imekwisha. Wanabandika maneno chini ya muziki, wanasoma maana, wanaondoka. Hapo wamefanya kazi ya kamusi, na kamusi haitoshi. Swali la kwaya inaimba nini linapaswa kufuatwa na mengine: kwa nini neno hili limepandishwa juu kabisa ya sauti za soprano, kwa nini mkazo wa lugha umesogezwa ili ukutane na pigo la ngoma, kwa nini kwaya imenyamaza hapa na kuiachia tarumbeta mahadhi yale yale bila maneno. Mjadala unaojua sarufi ya Sindarin na usiojua kusikiliza pumzi ya mwimbaji una mguu mmoja. Mijadala mizuri kabisa ni ile inayowakutanisha watu wa aina mbili, wanaotoka kwenye lugha na wanaotoka kwenye ala, kila mmoja akimlazimisha mwenzake kurudi kusikiliza tena. Watunzi wameanza kuwasikia. Paul Frommer, mwanaisimu aliyeitunga lugha ya Na'vi kwa ajili ya Avatar ya mwaka 2009, alitafsiri nyimbo za filamu hiyo katika lugha hiyo. Na Bear McCreary, alipotunga muziki wa tamthilia ya The Rings of Power mwaka 2022, alizipa kwaya zake maneno ya lugha za Tolkien kama Shore alivyotangulia kufanya.

Jambo hili linatuhusu pia kutoka upande wa pili, upande wa wale ambao lugha zao hutumiwa kama mlio. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, Return of the Jedi, rubani msaidizi wa chombo cha angani, kiumbe wa sayari ya mbali, alitiwa sauti na mwanafunzi kutoka Kenya, naye alisema sentensi za Kikuyu. Dunia nzima ilisikia lugha ya kubuni. Mkikuyu aliyeketi sinema alisikia lugha ya nyumbani. Mwaka 2005 Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, alitia mahadhi Sala ya Bwana kwa Kiswahili kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV. Wimbo huo, Baba Yetu, ulipata Grammy mwaka 2011, muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo, na tangu hapo kwaya na okestra za nchi nyingi zimeuimba mbele ya watu wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Kwao ni sauti tukufu za mbali. Kwetu ni sala, na tunasikia mara moja mkazo ukiangukia mahali pasipo pake. Kama tunaona haki kwamba mtu huyo wa mbali aulize wimbo ule unasema nini, na asiridhike kuusifu uzuri wa mlio wake, basi hatuwezi kumcheka shabiki anayeuliza swali hilo hilo kuhusu Khuzdul.

Kwa hiyo nina ombi moja, na nalielekeza kwa wanaotoa rekodi za muziki wa filamu, kwa wanaoandaa tamasha za okestra, na kwa watunzi wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoanza kuandikia kwaya katika filamu zao. Maneno ya kwaya yachapishwe. Itajwe lugha, atajwe mtunzi wa maneno, atajwe mfasiri, na tafsiri iwekwe kando yake, iwe lugha ni ya kubuni au ni ya watu walio hai. Gharama yake ni ukurasa mmoja.